Pembezoni, kwa Wino Mwekundu

Kitabu cha kwanza nilikinunua kwa Kyalo,
pale anapotandaza gunia karibu na Marikiti,
shilingi mia mbili, jalada limeguguniwa na panya.
Historia ya Nairobi, kurasa mia tano na arobaini.
Mwandishi ni mtu wa kazi, sikatai:
amehesabu mataruma ya reli, mabomba ya maji taka,
paa kwa paa, kodi kwa kodi.
Bei ya bati anaijua hadi senti.
Aliyelipigilia misumari hamjui.

Nikafika ukurasa wa mia mbili na sita.
"Kijiji cha Pangani kilibomolewa.
Wakazi walihamishwa."
Nukta. Aya mpya. Mifereji.

Nikaweka chai chini.
Kilibomolewa. Walihamishwa.
Nyie mliosoma sarufi, tazameni hako ka "wa" ka mwisho,
silabi moja tu, imelala mkiani mwa kitenzi
kama bawabu mlevi,
na nyuma yake amejificha mtu mzima
mwenye kofia, mwenye orodha, mwenye saini.
Nikaandika pembeni: NA NANI?
Wino ukapenya hadi kwenye mifereji.

Kitabu cha pili ni chembamba, nacho kina hasira.
Nilikipenda hadi sura ya tatu.
Huyu wenye kofia anawataja kwa majina, haogopi,
ila watu wa Pangani kwake ni "umma":
umma ulilia, umma ulikataa, umma ulisimama imara.
Mimi sijawahi kuuona umma ukisugua sufuria.
Bibi yangu, Tatu binti Feruzi, muuza mbaazi,
hakusimama imara. Alikuwa na mimba ya miezi saba,
ndani yake mama yangu.
Aliifudikiza ndoo, akaikalia, akavua viatu.

Halafu Lihanda wa ghorofa ya tatu,
aliyesomea filamu na sasa anauza bima,
akaniletea muswada wake wa sinema.
"Shangazi, wewe ni msomaji. Usinionee haya."
Sikumwonea.

Onyesho la kumi na mbili. Nje. Pangani. Jioni.
Mvua inaanza kunyesha.
Onyesho la kumi na tano: mvua kubwa.
Kila mtu akihuzunika, mbingu zinamsaidia.
Na mwanamke mjamzito anampiga afisa kofi,
kisha anatoa hotuba ya ukurasa mmoja na nusu,
Kiswahili sanifu, hata pumzi havuti.

Lakini niwe mkweli.
Kuna mstari mmoja, ukurasa wa ishirini na nane:
"Mtoto anahesabu kuku. Anahesabu tena."
Hapo nilivua miwani.

Nilimwambia, futa mvua. Lilikuwa jua,
vumbi hadi kwenye kope.
Futa kofi. Weka mlango.
Mlango gani?
Bibi aliung'oa mlango wake, bawaba na komeo,
akaubeba kichwani hadi Shauri Moyo,
akakuta chumba alichopewa kina mlango tayari.
Akauegemeza ukutani miaka minane.
Lihanda akauliza kama bado upo, aje aupige picha.
Haupo. Uliuzwa mama alipofika umri wa shule.
Ndiyo maana hauna tanbihi popote.
Ndiyo maana mimi najua tanbihi ni nini.

Jana usiku simu ikalia.
*Shangazi, mlango nimeuweka, onyesho la kumi na sita.*
Nikafungua kwa pupa, vidole vina unga wa chapati.
Upo kweli. Una bawaba, una komeo, jua linawaka,
hakuna hata tone.

"Mlango unabebwa na mumewe."

Angalau safari hii nimeambiwa na nani.

Asubuhi nikapitia kwa Kyalo.
Akaniinulia kitabu kinene, kipya, cha vita;
nikamwambia kesho.
Anauza kalamu pia, tatu kwa hamsini.
Nikachagua nyekundu zote.